Sura ya Sita: Nyuma ya Shavu

Mwenye mbwa akilalamika kwamba mbwa wake ananuka mdomo, jibu la majirani huwa ni lile lile: ananuka kwa sababu ni mbwa. Ulitaka mdomo unaofukua majalala unukie karafuu? Watu wanacheka, mazungumzo yanahamia kwenye mpira, na mbwa anaendelea kunuka. Sura hii haikubaliani na majirani hao. Mdomo wa mbwa mwenye afya una harufu yake, ya mate na ya chakula alichotoka kula, lakini hauna uvundo. Ule uvundo unaokufanya ugeuze uso mbwa anapokuhemea karibu unatokana na bakteria waliojichimbia kati ya jino na ufizi, na mara nyingine ni usaha wenyewe. Huo ni ugonjwa. Tena ni miongoni mwa magonjwa yanayowapata mbwa wengi kabisa. Wengi wao wakifika umri wa miaka 3 wameshaanza kuwa nao kwa kiasi fulani, wa kulala sebuleni na wa kulinda geti, wa kigeni na wa kienyeji.

Nao unazuilika nyumbani, kwa mswaki. Kinachowashinda watu si ugumu wa kazi. Wanaanza wakati uchafu umeshakuwa jiwe, wanasugua meno ya mbele ambayo hayana shida, na wanamrukia kwa mswaki mbwa ambaye tangu azaliwe hajawahi kuguswa mdomo na mtu. Kisha wanasema mbwa wao hataki.

Kama wako ni mpole na amechanjwa kichaa (chanjo nitaizungumzia mbele, si jambo la kupita juu juu), weka kitabu chini umwite. Mkalishe. Usimfungue kinywa. Weka kidole gumba kwenye pembe ya mdomo, halafu livute shavu nyuma na juu kidogo. Jino kubwa unaloliona, lenye ncha moja ndefu mbele na ukingo mkali unaorudi nyuma, ndilo jino la kukatia nyama. Lina mizizi 3, na kinywa kikifungwa linapishana na gego kubwa la taya la chini. Mbwa mzima ana meno 42, yaani 20 juu na 22 chini, lakini ukiniambia nitazame moja tu nijue hali ya kinywa chote, nitatazama hili. Jirani yake, ndani ya shavu, ndipo mifereji ya mate inapofungukia. Mate ya mbwa yameelekea upande wa magadi kuliko mate yetu, na hiyo ni sababu mojawapo ya meno yake kutoboka kwa nadra sana, ila madini ya mate hayo huganda haraka.

Kwa mbwa wa miaka 4 ambaye hajawahi kusafishwa, sehemu ya jino iliyo karibu na ufizi utaikuta imevikwa gamba la hudhurungi. Pitisha ukucha, unakwama. Ukingo wa ufizi, ambao ungepaswa kuwa mwembamba na kulala bapa juu ya jino, umetuna na una mstari mwekundu unaong'aa. Ukiugusa kwa pamba, pamba inatoka na damu. Mbwa wenye fizi nyeusi wanasumbua hapa, maana wekundu haujionyeshi. Kwao tazama uvimbe, na hiyo damu ya kwenye pamba. Sasa liachie shavu utazame meno ya mbele na chonge anazozionyesha akihema: meupe! Hayo ndiyo yanayowadanganya watu.

Jambo linalotokea hapo nyuma ya shavu lina hatua mbili, na mtu asipozitofautisha atasugua bure. Saa chache tu baada ya jino kusafishwa, utando mwororo wa bakteria, mate na mabaki ya chakula huanza kulifunika. Huo ni ukoga. Hauonekani kirahisi, na ncha laini za mswaki zinauondoa bila taabu. Ukiachwa siku mbili tatu, madini ya mate huanza kuugandisha, nao unageuka ugaga, mgumu kama ule ukoko mweupe unaoshika ndani ya birika la maji ya kisima. Ugaga hauondoki kwa mswaki, sugua mpaka mkono ufe ganzi. Wala si ugaga wenyewe unaoliua jino. Kazi yake ni kuwapa bakteria sakafu yenye makwaruzo ya kukalia, tena wanaoleta madhara ni wale waliopenya chini ya ufizi, mahali ambapo jicho halifiki. Fizi zikishavimba bado unaweza kurudi nyuma: safisha, zitapona. Bakteria wakishafikia mfupa unaoshika jino, mfupa ulioliwa haurudi.

Kwa hiyo ratiba ya mswaki haikupangwa na daktari mpenda usumbufu. Imepangwa na mwendo wa ukoga. Kila siku ndiyo yenyewe. Mara 3 kwa wiki ni kiwango cha chini cha kueleweka kwa mbwa ambaye fizi zake bado nzima. Mara moja kwa wiki, Jumapili baada ya kumwogesha, ni kupitisha mswaki juu ya kitu kilichokwisha kuganda.

Ushahidi wa haya una historia ya ajabu kidogo, kwa sababu ulitafutwa kwa ajili ya meno ya watu. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kundi dogo la watu wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, liliacha kupiga mswaki kwa makusudi. Haikufika mwezi, fizi za wote zikavimba. Waliporudi kwenye mswaki, zikapona. Swali likabaki: mtu akiendelea kuacha, miaka na miaka, uvimbe ule unafikia kuling'oa jino? Huwezi kuwaomba wanafunzi wakae hivyo mpaka meno yalegee. Basi Löe, pamoja na Jan Lindhe na Sven-Erik Hamp, wakageukia mbwa aina ya beagle, na mwaka 1975 wakatoa taarifa ya miaka 4. Kundi moja la mbwa lilikuwa likisafishwa meno kwa mswaki siku zote hizo, jingine liliachwa. Waliosafishwa walibaki na fizi nzima. Walioachwa walianza na uvimbe, na kadiri muda ulivyokwenda, mfupa na nyuzi zinazoshikilia meno zikaanza kuharibika.

Yaani yale tunayoambiwa na daktari wa meno tukiwa tumekalia kile kiti chake, sehemu yake kubwa ilithibitishwa kwenye vinywa vya mbwa. Kuna mtu aliajiriwa kuwapigisha mbwa mswaki kwa miaka 4 ili mimi na wewe tuamini kwamba mswaki una maana. Nikisikia mtu akiuita mswaki wa mbwa mambo ya Wazungu wasio na kazi, huwakumbuka beagle wale.

Swali linalofuata ni la mfupa. Nyumba nyingi kwetu mbwa hupewa mifupa ya supu, na mwenye nyumba anaamini mfupa ni mswaki. Ana robo ya haki. Kuguguna kunakwangua ugaga kwenye ncha na mabega ya meno, ila hakufiki pale ukingoni mwa ufizi penye vita vyenyewe. Halafu mfupa mgumu wa paja la ng'ombe una namna yake ya kuliharibu lile lile jino la kukatia nyama: kipande bapa cha upande wa nje kinabanduka, kiini chenye neva na mishipa ya damu kinabaki wazi, na mbwa anahamia kutafuna kwa upande wa pili. Hapigi kelele. Mbwa wenye maumivu makali ya jino hula, hubweka, hutikisa mkia, na familia nzima huapa kwamba mzima. Mfupa wa kuku uliopikwa ni hatari ya aina nyingine, unapasuka vipande vyenye ncha ambavyo hutoboa koo na utumbo. Kipimo cha kitu cha kutafuna ni ukucha wa kidole gumba: ukikibonyeza kikakataa kuacha alama, ni kigumu kuliko jino linavyostahimili. Pembe, kwato na jiwe la mtoni, vyote vinaanguka mtihani huo.

Na kuna wanaosema mbwa wa porini hawana mswaki wala daktari, mbona wanaishi? Mwaka 1999 Gerhard Steenkamp na Cecilia Gorrel walichapisha uchunguzi wa mafuvu 29 ya mbwa mwitu wa Afrika, wale wenye mabaka na masikio ya mviringo ambao kundi lao kubwa liko kusini mwa Tanzania, kwenye eneo la Selous na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wana meno 42 kama wa nyumbani. Wanakula swala, wanatafuna mifupa, hawajawahi kuonja ugali. Asilimia 41 ya mafuvu yale yalikuwa na dalili za ugonjwa wa fizi, na karibu nusu yalikuwa na meno yaliyovunjika. Porini pana meno mabovu, ila hapana mtu wa kuyatazama.

Turudi nyumbani, kwenye kabati la bafuni, maana hapo ndipo makosa ya hatari hufanyika. Dawa ya meno ya watu isiguse kinywa cha mbwa. Sisi tunatema, yeye anameza. Povu lake linamchafua tumbo, floraidi yake si ya kumezwa kila siku, na baadhi ya dawa hizo, pamoja na jojo zisizo na sukari, zina kitu kinachoitwa zailitoli. Kwa binadamu ni utamu tu. Kwa mbwa kinaiamsha kongosho imwage insulini kwa wingi, sukari ya damu inaporomoka, mara nyingi ndani ya saa moja, mbwa anayumba, anaweza kupata degedege, na kwa wengine ini linafuatia. Mbwa aliyelamba dawa yenye zailitoli ni wa kukimbizwa kwa daktari wa mifugo sasa hivi, kabla hajaonyesha chochote. Chumvi na magadi, ambavyo bibi zetu walivisifu, vinamlisha mbwa chumvi asiyoihitaji. Mkaa wa kusaga unakwangua jino.

Dawa ya meno ya mbwa ipo, kwenye kliniki za mifugo na maduka ya wanyama ya miji mikubwa. Ina ladha ya kuku au ya nyama, imetengenezwa imezwe, na baadhi zina vimeng'enya vya kuwapunguza bakteria. Haihitaji kusuuzwa. Usipoipata, usikae ukiingoja. Kinachoondoa ukoga ni msuguano, na mswaki uliochovywa kwenye maji matupu hufanya sehemu kubwa ya kazi. Kwa siku za mwanzo maji ya kuchemshia kuku, yasiyo na chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), yanatosha kumfanya auone mswaki kuwa jambo jema. Mswaki wenyewe uwe wa mtoto, laini kabisa, wenye kichwa kidogo. Vile vya mpira vinavyovalishwa kidoleni vinapendwa sana madukani. Mimi sivipendi. Vinapapasa jino bila kuingia ukingoni mwa ufizi, na vinaweka kidole chako kati ya magego. Kitambaa cha pamba kilichozungushiwa kidole kina kasoro hizo hizo, ila ni bora kuliko kukaa bure, na kama hatua ya kumzoeza hakina mpinzani.

Sasa chanjo. Katika nchi zetu huwezi kumwambia mtu atie mkono kwenye kinywa cha mbwa ukanyamaza kuhusu kichaa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya watu wanaokipata wamekipata kutoka kwa mbwa, na virusi vyake hukaa kwenye mate. Sura ya kichaa inayojulikana mitaani ni ya mbwa mkali anayeng'ata kila kitu. Ipo sura ya pili, ya kupooza, na ndiyo inayohusika na sura hii. Taya linaning'inia. Mate yanamtoka mfululizo. Anajaribu kumeza anashindwa, sauti yake ya kubweka imebadilika. Hana ukali wowote. Mwenye mbwa anaona kakwamwa na mfupa, anampanua kinywa kwa huruma, anapitisha vidole mpaka kooni akiutafuta. Mfupa haupo, na vidole vyake, pamoja na kila mchubuko ulioko kwenye vidole hivyo, vimeshaloa mate.

Mbwa wa namna hiyo usimguse. Mfungie mahali pamoja, watoto wakae mbali, mwite daktari wa mifugo. Mate yakishakupata kwenye kidonda, kwenye mkwaruzo, machoni au mdomoni, osha kwa maji yanayotiririka, kidonda kwa sabuni pia, muda wa dakika 15 zilizohesabiwa kwa saa, na uende hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe chanjo. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, hakuna dawa inayotegemewa kumrudisha. Na kwa kuwa virusi vinaweza kuwemo kwenye mate siku kadhaa kabla mbwa hajaonekana mgonjwa, mbwa wa kuokota, au yule wa zawadi asiye na kadi, anaanza na chanjo. Mswaki wake utasubiri mpaka ajulikane ni nani na ametoka wapi. Kampeni za chanjo mara nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ulizia ofisi ya mifugo ya kata au ya kaunti.

Kwa wasomaji Waislamu wa Pwani mate yana hukumu nyingine pia. Katika madhehebu ya Shafii, wanayoyafuata wengi huko, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo kilichorambwa huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Wamaliki wana msimamo tofauti. Sitoi fatwa hapa. Nasema tu kwamba mbwa wa kulinda wapo kwenye nyua nyingi za Waislamu, kwa ruhusa inayojulikana, nao wana meno. Glavu ndefu, mswaki wa mpini mrefu, na kopo la mbwa lisilochanganywa na vyombo vya nyumba, hivyo vinaifanya kazi iwezekane. Yaliyobaki muulize shekhe wako.

Baada ya hapo ni suala la mkono, na hapa ndipo ningependa msomaji aende polepole. Siku za mwanzo mswaki ubaki kabatini. Chagua wakati mmoja, nami napendelea kabla ya chakula cha jioni, kwa sababu sahani inayofuata ni malipo tosha. Kaa ubavuni mwa mbwa. Ukimsimamia kwa mbele na kumwinamia, unazungumza lugha ya ugomvi hata kama moyoni una upendo. Mbwa mkubwa akae kwenye kona, makalio yakigusa ukuta, asiwe na pa kurudi nyuma. Mdogo awekwe mapajani au juu ya mkeka, maana vigae vinateleza, na mbwa anayeteleza haamini kitu chochote. Mguse pua na mashavu, mpe kitu kitamu, mwachie. Basi. Kesho inua mdomo wa juu, tazama, mpe, mwachie. Akizoea, chovya kidole kwenye maji ya kuku ukisugue kwenye ufizi juu ya chonge, kisha siku baada ya siku sogea nyuma, jino kwa jino, mpaka kidole kifike kwenye lile kubwa bila yeye kukaza shingo. Ndipo kitambaa, na ndipo mswaki.

Wapo wanaomaliza hatua hizi kwa wiki moja, wapo wa miezi miwili, hasa waliokwisha kupigwa usoni. Anayeamua kasi ni mbwa. Akianza kugeuza kichwa, kujilamba pua bila sababu, kupiga miayo au kukuonyesha weupe wa jicho, ameshakwambia imetosha, na wewe uwe umemaliza sekunde moja kabla ya hapo. Akinguruma, acha, wala usimwadhibu kwa kunguruma. Mbwa aliyefundishwa kwa fimbo kwamba kunguruma ni kosa atafika kwenye kung'ata bila kukuonya. Na kazi hii iwe ya mtu mmoja. Nimeona nyumba ambazo baba anashika kichwa, dada anashika miguu, na mtoto anaingiza mswaki. Mbwa yule hasafishwi meno, anakamatwa.

Ukifika siku ya mswaki, bonyeza dawa iingie katikati ya nywele za mswaki. Ikikaa juu kama tunavyoiweka sisi, atailamba yote kwa mpigo mmoja wa ulimi na wewe utabaki na mswaki mkavu. Mkono mmoja upite juu ya pua, kidole gumba kiinue mdomo. Kinywa kimefungwa, meno yameumana, na hii ndiyo siri ambayo wengi hawaijui: huhitaji kumpanua mbwa ili umsafishe. Ingiza mswaki ndani ya shavu mpaka nyuma kabisa, uulaze kwa digrii 45, ncha zikitazama pale jino linapozama kwenye ufizi. Zungusha viduara vidogo, kwa uzito ule ule ambao ungeutumia kwa mtoto wa miaka miwili, ukimalizia kwa kufuta kuelekea ncha ya jino. Anza na lile kubwa la juu. Mbwa akichoka ukiwa umefanya hilo na majirani zake kwa pande zote mbili, siku hiyo umefanya la maana. Endelea kwenye chonge, ambazo ufizi wake wa nyuma husahaulika, kisha meno madogo ya mbele, kisha magego ya chini, ambayo utayafikia kwa kuuvuta mdomo wa chini kidogo. Upande wa ndani uachie ulimi. Haupasafishi kikamilifu, lakini unapapunguzia ukoga vya kutosha, na kugombana na mbwa kwa ajili ya upande huo kutakugharimu upande wa nje. Kazi nzima inakwenda dakika moja au mbili. Kila mbwa na mswaki wake, ubadilishwe ncha zikianza kupinda.

Damu kidogo kwenye mswaki katika siku za kwanza isikutishe kama fizi zilikuwa zimevimba kidogo. Inatakiwa ipungue. Ikiwa wiki mbili zimepita na damu iko pale pale, ni ya daktari.

Kwa mbwa mtoto mambo ni mepesi zaidi, ila yana kalenda. Meno yake ya utoto ni 28, yanaanza kung'oka akikaribia miezi 4, na akifika miezi 6 au 7 ya ukubwani yamekwisha kutoka. Katikati hapo fizi zinamwasha na kumuuma, anatafuna viatu vya nyumba nzima. Mguse mdomo kila siku, mzoeze, lakini mswaki wenyewe uende kwa upole sana, na siku za maumivu uache. Kwenye mbwa wadogo kama Maltese, Chihuahua na Yorkshire Terrier, tazama chonge akiwa na miezi 6. Ukiona mbili zimesimama pamoja, ya utoto ikigoma kutoka, mpeleke ikang'olewe, maana ule mwanya kati yao hunasa chakula na uchafu ambao mswaki hauufikii. Hao wadogo wana msongamano wa meno kwenye taya jembamba, na ndio wanaougua mapema na vibaya zaidi. Ugonjwa ukishaula mfupa wa taya la chini, Chihuahua anaweza kuvunjika taya kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti.

Ipo hali ambayo mswaki ni kosa. Mbwa mwenye ugaga mnene, fizi zinazochuruzika damu, au jino linalocheza, usimsugue. Utamuumiza, na mkono uliochukua wiki nyingi kuaminiwa utakataliwa kwa siku moja. Vivyo hivyo uvimbe chini ya jicho. Watu hudhani ameumwa na nyuki, wanampaka dawa, uvimbe unapasuka, usaha unatoka, panapona, panavimba tena. Mara nyingi hilo ni lile jino kubwa la juu, ambalo mizizi yake iko karibu kabisa na chini ya jicho, na usaha wa mzizini umetafuta njia ya kutokea shavuni. Mbwa anayepiga chafya mara kwa mara na kutoka damu upande mmoja wa pua huenda mzizi wa chonge umeoza mpaka ukatoboa njia kuelekea puani.

Hao wanahitaji kusafishwa na daktari wa mifugo, kwa nusu kaputi. Watu huiogopa nusu kaputi, na daktari mzuri hatakucheka. Atampima damu na moyo kwanza, hasa akiwa mzee. Lakini bila usingizi huo hakuna anayeweza kuingia chini ya ufizi kwa chombo chenye ncha, na mpira unaowekwa kwenye koo la pumzi ndio unaozuia maji machafu yasishuke mapafuni. Kumkwangua mbwa akiwa macho, huduma inayotangazwa kwa bei ndogo, kunayafanya meno yapendeze kwenye picha na kuuacha ugonjwa ulipokuwa. Chuo cha madaktari wa meno ya wanyama cha Marekani, American Veterinary Dental College, kinaipinga huduma hiyo waziwazi. Kubandua ugaga mwenyewe kwa kisu au bisibisi ni kubaya zaidi: unauchana ufizi, unalikwaruza jino, na ukoga unaofuata unashika vizuri kuliko mwanzo.

Akitoka huko, muulize daktari siku ya kuanza tena. Aliyeng'olewa jino huachwa mshono ukauke, kisha unarudi na kidole, kitambaa, mswaki, kwa mfuatano ule ule ingawa kwa haraka zaidi. Usingoje zaidi ya alivyokwambia, kwa kuwa utando mpya umeshaanza kujitandika siku ile ile aliyotoka kwenye meza. Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Wanalipa gharama kubwa, wanaonyesha meno meupe kwa wageni, mswaki unarudi kabatini mpaka harufu irejee, na mwakani wako tena kwenye benchi lile lile wakisubiri kumlipa daktari yule yule, kwa meno yale yale, pungufu ya aliyokwisha kuyang'oa.